Maneno Aliyoyameza Rahila

Rahila Ubwa alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi ya kuwatembeza wageni Mji Mkongwe, na wenzake walimjua kwa jambo moja: hatii chumvi. Wengine walikuwa na kisa cha kila mlango. Huu ulikuja na binti wa sultani, ule unalindwa na jini, na humu ndani alizikwa mtu yu hai. Rahila akiulizwa nani aliishi nyumba hii, kama hajui husema sijui. Wapo wageni waliochukia, wakaona wamepewa mtembezaji asiye na ladha. Lakini walimu na madaktari na watu wa vyuo walimtaka yeye, kwa sababu akifasiri maneno ya fundi wa masanduku au ya muuza samaki wa Darajani, waliyapata kama yalivyotoka.

Alikuwa na umri wa miaka arubaini na tatu, mjane, akikaa Mkunazini ghorofa ya pili na bintiye Khairat, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha sita. Kwao hasa ni Kiongele, kijiji kidogo cha kusini, ukishaipita Jambiani. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, akalelewa na mama yake mdogo, Bi Kidawa, ambaye maisha yake yote alilima mwani. Bi Kidawa ndiye aliyeamua Rahila asome mjini. Alikuwa akimletea mbatata na dagaa mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na hakukosa hata mwezi mmoja mpaka msichana alipomaliza skuli.

Mwaka jana, wiki mbili baada ya Iddi, Rahila alipigiwa simu na mtu aitwaye Wakil. Alijitambulisha kuwa ni msemaji wa kampuni iliyokuwa na mradi wa umeme, akamwita ofisini kwao Amani, ghorofa ya juu ya duka la vigae. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye sauti ya chini. Akamweleza kwamba panatafutwa pahala pa kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia, na kwamba baada ya kupima pwani yote ya kusini, wataalamu wameipenda Kiongele.

"Ni mtambo mdogo," alisema Wakil. "Si ile mikubwa unayoiona kwenye televisheni. Unataka maji ya bahari ya kupozea na unataka mwamba imara chini. Kiongele ina vyote viwili. Wataalamu ni wageni, na wanakijiji hawataki kusikia Kiingereza. Wanataka kusikia mtu wao. Nimeambiwa wewe ni mtu wao."

Rahila hakuwa na ubaya na umeme. Aliikumbuka vizuri ile miezi mitatu ya kiza, waya unaotoka bara chini ya bahari ulipoharibika, Khairat bado mtoto mdogo akilia kwa joto na mji mzima unanguruma majenereta. Kama upo umeme wa kisiwa chenyewe, usiokatikakatika, alisema moyoni, nani atakayeukataa? Akaweka sahihi karatasi aliyopewa. Kifungu kimoja kilisema asitoe nje lolote atakalolisikia kazini. Alikisoma mara mbili, akaona ni kawaida ya makampuni.

Mkutano ulifanywa Jumamosi asubuhi katika uwanja wa skuli ya Kiongele. Viti vilipangwa chini ya turubai, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Bi Kidawa alikaa mstari wa mbele na kanga mpya, kama mama wa bi harusi. Mhandisi alikuwa mzungu mrefu mwenye mvi, mpole, aliyengoja kila sentensi imalizike kufasiriwa ndipo aendelee. Kwa saa nzima kazi ilikwenda vizuri. Alieleza jinsi joto linavyopatikana, jinsi mvuke unavyozungusha mashine, jinsi mionzi inavyozuiwa na kuta. Rahila alifasiri neno kwa neno, na pale lilipokosekana neno alieleza. Mvuvi mmoja, Hija, aliuliza kama samaki watakimbia. Mhandisi akajibu kwamba wengine watakimbia na wengine watazoea, na Rahila akalisema hilo pia kama lilivyo.

Kisha akasimama Bi Sichana, mtu mzima wa miaka sabini na kitu.

"Mie nauliza moja tu," alisema. "Nyumba yangu ile pale, nyuma ya msikiti. Nitakaa?"

Rahila alimfasiria mhandisi. Mhandisi hakuzunguka. Alimtazama Bi Sichana usoni akasema, kwa Kiingereza, kwamba hapana, mama, hutokaa. Kwamba ndani ya kilomita mbili hatoishi mtu, na eneo hilo halitolimwa mwani wala kuvuliwa. Kwamba maji yatakayorudi baharini yatakuwa na joto kuliko sasa, na kwa hivyo kijiji kitahamishwa. Akaongeza kwamba anaomba radhi, alidhani wameshaelezwa.

Kutoka msikitini mpaka pahala palipochaguliwa hapakufika kilomita moja. Rahila alijua. Kila alipokwenda pwani utotoni alipita njia hiyo.

Wakil alikuwa amekaa kiti cha pembeni yake. Aliinama kidogo bila ya kumtazama, kama anayeokota kalamu.

"Hilo la kuhama liache," alisema taratibu. "Litatangazwa na wakubwa. Mwambie wataelezwa."

Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, si zaidi. Watu wote walikuwa wakimtazama. Rahila alifungua kinywa, akasikia sauti yake inasema: "Anasema, Bi Sichana, mambo ya makaazi yanaangaliwa, na kila mtu ataelezwa wakati ukifika."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Sichana, akakaa.

Mhandisi alitikisa kichwa kwa adabu, akiamini yaliyosemwa ndiyo aliyoyasema. Baadaye likapitishwa daftari la mahudhurio. Watu mia na themanini na mbili waliandika majina yao au walitia dole gumba, na wengi walitia kwa moyo mweupe.

Mchana alikula kwa Bi Kidawa. Palikuwa na wali na pweza wa nazi, chakula alichopikiwa kila akija. Nje, ukutani, yaliegemezwa mabati mapya.

"Naongeza chumba," alisema Bi Kidawa. "Khairat akija na wenzake wa chuo wasilale sebuleni. Bati nshanunua, nangoja fundi." Kisha akacheka. "Unajua watu walikuwa wananitisha hapa? Eti tutahamishwa. Nikawaambia, mwanangu atakuwepo, atasikia kwa masikio yake. Kama lipo atatwambia."

Rahila alikata kipande cha pweza, akakitafuna muda mrefu. Akasema ana kichwa, akaondoka kabla ya alasiri.

Khofu yake ilianzia hapo. Si khofu ya mtambo kwanza, wala ya Wakil. Alijiogopa mwenyewe. Kwa wiki kadhaa, akiwa mbele ya kundi la wageni, alisita katikati ya sentensi na kujiuliza kama ndivyo ilivyosemwa. Akirudi nyumbani alifungua ramani ya simu, akaweka kidole kwenye pwani ya Kiongele na kupima kilomita mbili kila upande. Ndani ya duara ulikuwemo msikiti, skuli, visima viwili, makaburi, na nyumba zote isipokuwa tano. Akaanza kusoma. Alisoma habari za nchi za mbali ambako watu waliambiwa watoke kwa siku tatu, wachukue vitu vichache, na hawakurudi tena. Alisoma pia kwamba mitambo mingi inakwenda miaka na miaka bila ya lolote, na kwamba hii midogo ni salama zaidi. Hakujua aamini lipi. Alilojua ni kwamba wenye haki ya kulipima jambo hilo ni watu mia na themanini na mbili, na kwamba yeye ndiye aliyewanyima mizani.

Mwezi wa pili tangu mkutano akapata habari kwamba jamaa yao mmoja amefariki Kiongele. Alipofika mazikoni aliona kando ya njia vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, kila kimoja kina namba. Vilikwenda kwa mstari kutoka pwani, vikapita nyuma ya skuli. Kimoja kilikuwa ndani ya makaburi, hatua tano kutoka kaburi la mama yake. Kilikuwa namba thelathini na nane.

Hakuna aliyezungumza mpaka maiti akazikwa. Wanawake walipokuwa wanatoka msibani, Bi Kidawa akamshika mkono.

"Hivi ni vya nini, Rahila? Sheha anasema hajui. Wewe unakaa nao watu wale."

"Nadhani wanapima tu, mama."

"Wanapima nini makaburini?"

Bi Kidawa akauachia mkono wake, si kwa hasira, ila kama mtu aliyekumbuka kazi nyengine.

Siku tatu baadaye wanawake waliokuwa wakitoka kwenye mwani, maji yalipojaa, waliving'oa vigingi. Hawakupanga. Bi Sichana aliinama akang'oa cha kwanza kilichokuwa mlangoni kwake, wengine wakamfuata, na hadi adhuhuri vilikuwa chungu moja mbele ya ofisi ya sheha, mkuu wa kijiji, vyote arubaini na sita. Walikaa pembeni ya chungu hiyo mpaka wakaitwa nyumbani na watoto. Kesho yake likaja gari jeupe lisilo na maandishi. Watu waliokuwemo walikuwa na heshima, waliamkia vizuri, wakamchukua Bi Sichana na wenzake wawili kwenda kuulizwa maswali. Walirudishwa siku ya pili magharibi. Hawakuguswa, hawakutukanwa. Lakini Bi Sichana, aliyekuwa msemaji wa kila harusi, hakutaka kueleza alichoulizwa. Aliwaambia wanawe tu kwamba waliujua mpaka ugonjwa wake wa presha, na jina la dawa anayokunywa.

Hapo khofu ikaingia kijijini kama unyevu. Watu wakaacha kukaa maskani kupiga soga. Mwenye simu aliizima kabla ya kusema neno. Mgeni yeyote aliyepita na begi alidhaniwa mpimaji, na mtalii mmoja maskini, aliyekuja kupiga picha za ndege, alizungukwa na wanawake mpaka akalia. Kila mwani ulipooza kambani, na kuna misimu huoza kwa joto tu, watu walitazamana. Wakati huohuo hapakuwa na mtambo, hapakuwa na hata tofali. Palikuwa na mashimo arubaini na sita ya vigingi, yaliyojaa maji ya mvua.

Rahila aliyasikia yote hayo kwa simu, kwa maneno ya nusu nusu. Kisha Wakil akaja Mkunazini.

Alikuja saa nne asubuhi, peke yake, amevaa kanzu kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Khairat akamletea kahawa.

"Ahsante, Khairat," alisema Wakil. "Umeomba udaktari, siyo? Insha'Allah utapata. Mambo ya nafasi za masomo yana watu wengi, lakini mwenye bahati hupata."

Khairat alishukuru akaondoka. Rahila hakuwahi kumwambia Wakil kwamba ana mtoto. Wala hakumwambia jina lake.

"Nimepita kukusalimia tu," Wakil aliendelea. "Yale ya kule kwenu yamenisikitisha. Wazee wanatiwa maneno na watu. Ukiulizwa, wewe kazi yako ulifanya vizuri, na karatasi yako ipo kwenye faili, imetulia. Sisi hatuna tatizo na wewe."

"Na watu wataambiwa lini?" aliuliza Rahila.

"Wakati ukifika," alisema Wakil. "Si ndivyo ulivyowaambia mwenyewe?"

Alimaliza kahawa yake, akaaga, akashuka ngazi taratibu. Rahila alikaa palepale. Aligundua kuwa amelishika pindo la kanga kwa nguvu hadi kucha zimetoboa. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa akisikia hatua za mtu yeyote ngazini, husimama katikati ya chumba mpaka zipite. Alimkataza Khairat asiseme chochote kwenye simu. Khairat akamuuliza kwa nini, naye hakuwa na jawabu ambalo lisingekuwa hadithi nzima.

Wa kwanza kuisikia hadithi nzima hakuwa Khairat. Alikuwa Mwalim Usi.

Mwalim Usi alisomesha hesabu Kiongele. Alikuja mjini siku ya Jumanne, akamkuta Rahila barazani kwa jirani, akamwomba waingie ndani. Alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Siku ile ya mkutano niliirikodi yote," alisema. "Nilitaka wanafunzi wasikie Kiingereza cha mwenyewe. Sasa tumeambiwa kuna kikao cha kamati ya mazingira hapa mjini, Alkhamisi ya wiki ijayo, cha kusikiliza maoni. Kampuni imepeleka lile daftari la mahudhurio. Wameliita: orodha ya waliokubali. Tunataka kupeleka maneno ya yule mzungu mwenyewe. Kiingereza changu cha kitabuni, na yule anasema kama ana kitu mdomoni. Kuna pahala alimjibu Bi Sichana, jawabu refu. Nimelisikiliza mara ishirini. Nasikia 'hapana' na nasikia 'kilomita'. Nikasema, nani wa kunifasiria kama si Rahila?"

Akabonyeza. Sauti ya Bi Sichana ikatoka, ndogo na yenye upepo: nyumba yangu ile pale. Halafu sauti ya mhandisi. Halafu, baada ya kimya ambacho Rahila hakukikumbuka kuwa kirefu hivyo, sauti yake mwenyewe, laini, safi, sauti ya mtembezaji mzoefu.

Mwalim Usi alimtazama kwa matumaini. Hakushuku chochote. Rahila aliona wazi kwamba angeweza kumaliza jambo lote pale pale. Angesema: kasema kama nilivyosema, Mwalim, nyumba za nyuma ya msikiti zinaangaliwa. Mwalim angeshukuru, angerudi Kiongele, na karatasi ingebaki imetulia kwenye faili.

"Iweke tena," alisema.

Mwalim akaiweka. Mara hii Rahila alifasiri pamoja na sauti, sentensi kwa sentensi, macho yake yakiwa mezani. Kilomita mbili. Mwani. Maji ya moto. Kijiji kitahamishwa. Naomba radhi, nilidhani mmeshaelezwa.

Nje mtu alikuwa akisaga kitu kwa mashine.

"Basi ulijua," alisema Mwalim Usi.

"Nlijua."

"Tangu siku ile."

"Naam."

Hakumtukana. Alichukua simu yake, akaiangalia pande zote mbili, akaitia mfukoni. Mlangoni akageuka. "Mie maneno haya siwezi kuyapeleka kikaoni. Watasema mwalimu wa hesabu kajitungia. Wewe ndiye unayeweza."

Rahila alikwenda Kiongele keshoye. Hakutaka Bi Kidawa alisikie jambo hilo kwa mwengine. Alimkuta pwani, maji yametoka, amekaa juu ya ndoo akifunga vijiti vya mwani kambani, kimoja kimoja. Rahila akavua viatu, akachutama mbele yake, akamwambia yote bila ya kupamba.

Bi Kidawa hakuacha kufunga. Alipofika mwisho wa kamba ndipo aliposema.

"Alikutisha?"

"La. Siku ile hakunitisha. Aliniambia liache tu."

"Basi uliogopa nini?"

"Sijui, mama. Nilimsikia anasema liache, nikaliacha. Nimejiuliza kila siku na sijui."

Bi Kidawa alivuta kamba nyengine. Vidole vyake vilikuwa vimekatikakatika kwa chumvi, kama siku zote. "Mie nilisimama mbele za watu nikasema mwanangu atatwambia," alisema. "Wamo waliokuwa wanataka kukataa siku ileile. Nikawanyamazisha mie." Akafunga kijiti, akafunga na cha pili. "Nenda kawaambie huko mjini. Mie sitokwenda nawe."

Siku saba zilizobaki Rahila hakula vya kutosha. Alimweleza Khairat yote, pamoja na habari ya nafasi ya masomo, na akamwambia kwamba huenda ikapotea. Khairat alilia kidogo, akauliza kama watafungwa. Rahila akasema hajui. Alizihifadhi karatasi zao za kuzaliwa na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, akampelekea rafiki yake aliyekaa Mwanakwerekwe amwekee, bila ya kujua hasa anaogopa moto au anaogopa watu. Simu ya Wakil iliita mara mbili siku ya Jumatano. Hakuipokea. Ya tatu ilikuwa ujumbe: "Kesho ni siku ya mapumziko kwako. Kaa na mtoto."

Aliusoma mara mbili akiwa jikoni, akaizima simu.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa zamani karibu na Forodhani. Kilianza saa tatu. Watu wa Kiongele walijaza mistari ya nyuma. Bi Kidawa hakuwemo. Mbele walikaa wajumbe watano wa kamati, na mwenyekiti wao alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Tahiya, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Upande wa kulia walikuwa watu wa kampuni: Wakil, wanasheria wawili, na yule mhandisi mzee. Wakil alimwona Rahila anaingia. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alipoitwa jina lake alisimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele. Rahila alisema yeye ni nani. Alisema siku ya mkutano Bi Sichana aliuliza swali, mhandisi akajibu, na yeye akasema kitu kingine. Kisha akayasema maneno ya mhandisi, yote, kwa Kiswahili.

Nyuma yake alisikia ukumbi ukivuta pumzi kwa pamoja. Hakugeuka.

"Nani aliyekwambia usiyaseme?" aliuliza mwenyekiti.

Mwanasheria mmoja alisimama akasema kuna mkataba wa siri. Mwenyekiti akamwambia akae.

"Ndugu Wakil aliniambia niliache," alisema Rahila. "Lakini hakunishika mdomo. Mie ndiye niliyeliacha."

Mwenyekiti alivua miwani, akamwelekea mhandisi, akamuuliza kwa Kiingereza kama aliyasema maneno hayo. Mzee yule alisimama. Alikuwa amepata wekundu usoni. Alijibu kwa urefu, halafu akanyamaza, akingoja, kama desturi yake. Hapakuwa na mfasiri mwengine ukumbini. Mwenyekiti akamtazama Rahila.

"Tufasirie," alisema.

"Anasema ndiyo, aliyasema," alisema Rahila. "Anasema aliambiwa kwamba wanakijiji wanajua na wameridhia. Anasema aliona Bi Sichana anashukuru, akastaajabu, akadhani ndiyo mila ya watu wetu. Anasema yeye asingeweza kujenga chochote juu ya watu wasioambiwa."

Bi Sichana, kutoka mstari wa nyuma, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mie nilishukuru kwa kuwa nilidhani nitakaa."

Hapakuwa na la zaidi siku hiyo. Mwezi mmoja baadaye kamati ilitoa uamuzi wake: lile daftari lisihesabiwe, upimaji usimame, na kampuni ikitaka kuendelea ianze upya, kwa maandishi ya Kiswahili yatakayobandikwa kila mlango. Wakil aliondoka kazini, au aliondolewa. Hakuna aliyejua, na Rahila aliambiwa mara mbili kwamba kaonekana Amani, akiwa amevaa vizuri kama zamani. Kibali cha Rahila cha kutembeza wageni, ambacho kila mwaka kilitolewa ndani ya wiki moja, mwaka huu kilichukua miezi mitano. Hapana aliyemwambia sababu. Khairat hakupata nafasi ya udaktari. Alipata ya uuguzi, na hata leo hawajui kama maksi ndizo zilizoamua au kitu kingine. Hilo linamla Rahila kuliko yote, kwa kuwa hakuna mlango wa kwenda kuuliza.

Kiongele hawakumsamehe mara moja, na wapo ambao hawajamsamehe. Hija anampita njiani kama mti. Bi Kidawa anampikia akija, wanakula, wanazungumza habari za afya na mvua. Hajamwita mwanangu mbele ya watu tangu siku ile ya pwani.

Lakini zikija karatasi za Kiingereza kijijini, wanamwita yeye. Wamejiwekea utaratibu wao: Rahila anasoma na kufasiri, na Mwalim Usi anakaa pembeni na kamusi na simu, anakagua kila mstari kabla haujakubaliwa. Mara ya kwanza Rahila aliona aibu hata akatokwa na jasho. Sasa anangoja mwenyewe Mwalim amalize kukagua.

Wiki iliyopita ilikuja barua ya kampuni, ukurasa mmoja. Walisomewa Bi Sichana na wengine kama thelathini, ndani ya darasa la skuli, madirisha yakiwa yamefungwa ingawa kulikuwa na joto. Rahila akafasiri: mradi umesimamishwa kwa muda, na kampuni inaendelea kuangalia maeneo mbalimbali ya pwani, ikiwemo Kiongele.

Mwalim Usi akakagua, akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

"Kwa muda," alisema Bi Sichana. "Muda gani?"

Rahila aliisoma barua tena tangu juu mpaka chini, akaigeuza na nyuma.

"Haikusema, bibi," alijibu.

Hakuna aliyeinuka. Walikaa hivyo hivyo, madirisha yamefungwa, wakimtazama kama watu wanaongoja neno alilolibakisha.